Sifa za Lengo Lisilotimia

Washairi wetu wamesifu majemadari, mabibi harusi na majahazi. Mnazi nao haukusahauliwa. Hajatokea bado wa kulisifu lengo la mwaka la mtu mzima anayejifunza fidla. Simsifu mwenye fidla, maana huyo kwa sasa hana la kusifiwa. Nalisifu lengo lenyewe, lile linaloandikwa usiku wa kuamkia Januari mosi kwenye ukurasa wa kwanza wa shajara, kwa mwandiko ambao hautaonekana tena mwaka mzima: dakika 20 kila siku, ngazi ya G, oktava mbili, bila kukwama, kidole cha nne kiache uvivu, na ikifika Krismasi, wimbo mmoja mbele za watu.

Tazama ukarimu wake. Dakika 20 kwa siku ni saa 121 na dakika 40 kwa mwaka. Nani mwingine hapa Lushoto anaahidi kiasi hicho bila kuomba kura? Mheshimiwa akiahidi barabara, masika ya kwanza yanamuumbua kwenye zile kona za kupandia kutoka Mombo. Lengo la fidla haliumbuliwi na mvua, kwa sababu mvua ndiyo wakili wake. Masika yakikolea na ukungu ukalala kwenye msitu wa Magamba, mbao za fidla zinavimba, na vigingi vya kukazia nyuzi vinagoma kugeuka hata uvibembeleze vipi. Kiangazi kikija vinalegea, na nyuzi ulizozilaza zikiwa sawa unazikuta asubuhi zimeshuka. Hilo si uzushi wa mvivu. Ni tabia ya mbao, na kila fundi wa ala hizi anaijua. Katikati ya kuvimba na kulegea zipo wiki chache ambazo fidla inatulia, na mwenye lengo hajakosa kamwe harusi, msiba au viazi vya kuvuna ndani ya wiki hizo.

Kisha inakuja baridi ya Juni na Julai. Mtu aliyevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe, mikono ameifungia kwenye kikombe cha chai, huwezi kumuuliza habari za kidole cha nne. Ni kukosa adabu.

Hapo ndipo hekima ya lengo inapojitokeza. Lengo la Januari likishindwa, wasiojua hudhani limekufa. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano unaanza Julai 1, na ikiwa bajeti ya taifa zima inaweza kuanza katikati ya mwaka, ngazi ya G ni nani ikatae? Ukikosa huo, Makunduchi kule Unguja wanaogea Mwaka Kogwa Julai hiyohiyo. Ukikosa na huo, upo mwaka wa Kiislamu, ambao kila mara huwahi kwa siku kama 11 na hivyo haumchoshi mtu kwa kungoja. Lushoto ni mji wa misikiti na makanisa, na ujirani mwema unaruhusu kuazimana hata mwaka mpya. Waandishi wa ratiba ya Ligi Kuu wanaijua siri hii. Mechi isiyochezwa haihesabiwi kuwa imepotezwa, ni kiporo tu, na kiporo kikipashwa moto hakimwaibishi mpishi.

Wapo watakaoleta methali. Samaki mkunje angali mbichi, watasema, hasa wajomba, na hasa mezani. Wajibiwe kwa heshima, ila wajibiwe. Sokrati, kama Plato anavyosimulia, alijifunza kinubi utu uzima kwa mwalimu aitwaye Konnos, akikaa na watoto waliokuwa wakimcheka. Wakamcheka na mwalimu pia, kwa kufundisha wazee. Shinichi Suzuki wa Japani, ambaye mfumo wake leo unawafundisha fidla watoto wadogo kote duniani, alianza mwenyewe akiwa na miaka 17, baada ya kusikia sahani ya santuri ya Mischa Elman. Kwa hesabu za wajomba, huyo alikuwa samaki mkavu. Nakiri kwamba mfano mzuri zaidi wa nyumbani unawasaidia wao: Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliyelipeleka zeze la Kigogo kwenye majukwaa ya dunia, alikunjwa mbichi. Na milima hii yenyewe haina historia ya kutuokoa. Mbegha, mwindaji ambaye masimulizi yanasema ndiye aliyeanzisha ufalme wa Wasambaa, alipendwa kwa kuua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mazao na kuwagawia watu nyama. Hakuna anayesimulia kwamba alipiga chochote.

Lengo linajua pia jambo ambalo muuza fidla hakukwambia. Shingo ya gitaa ina vyuma vinavyokuonyesha mahali pa kubonyeza. Shingo ya fidla ni ubao mtupu, na nyuzi nne zinakungoja ukosee. Kidole kikipita hata kwa unywele mmoja, sauti imekuwa nyingine, na upinde uliokazwa kwa singa za mkia wa farasi unaitangaza hiyo nyingine mpaka kwa jirani wa tatu. Walutheri wa huku wana matarumbeta, na matarumbeta yana huruma: mnapiga wengi, kosa lako linazama ndani ya kundi. Unguja kuna safu za fidla katika vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na mgeni anaweza kujificha safu ya nyuma. Kuna pia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, tangu 2002, chenye walimu wa kukushika mkono. Lakini kutoka Lushoto kwenda huko ni kuteremka Mombo, kushika barabara ya Dar es Salaam, kisha kuvuka bahari, na sanduku la fidla mapajani muda wote, maana kondakta anataka kuliweka chini ya gunia la karoti. Kwa hiyo tumebaki na lengo. Ndilo mwalimu mkazi. Halichelewi, halidai nauli, wala halikunji uso. Na kwa kuwa linatimizwa kwa nadra, limewapa majirani usingizi ambao hakuna sheria ndogo ya halmashauri ingewapa.

Ninalistahi kwa sababu moja zaidi, na hapa sitanii sana. Fidla iliyo juu ya kabati bila lengo huuzwa. Akija mgeni kutoka Dar es Salaam akauliza "hii mnaifanyia nini?", mwenye nyumba asiye na lengo hutaja bei. Mwenye lengo hujibu, "Najifunza," na kitenzi hicho kinabaki kweli mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya sentensi moja kwenye shajara. Aliyetimiza lengo lake amemaliza kazi na amenyamaza. Asiyelitimiza bado ni mwanafunzi.

Basi, ndugu msomaji mwenye fidla juu ya kabati, Januari ikija andika tena, na andika dakika 20 zilezile. Atakuja mtu mwenye busara akushauri upunguze ziwe tano. Usimsikilize. Dakika tano zinapatikana hata Lushoto, hata Julai, na majirani watasikia.