Kangambili Katika Gunia la Mama

Mama alipolegeza kamba ya gunia la pili, pamba ilicheza. Aliurudisha mkono, akatazama tena, kisha akaniita kwa ile sauti ambayo watoto wakiisikia huacha mchezo. "Njoo uwaone wageni wako." Ndani ya ule weupe walikuwa wakitambaa wadudu wekundu wenye madoa meusi, wakubwa kwa wadogo. Niliwatambua papo hapo. Nilikuwa nimewapiga picha chini ya mbuyu, kisha nikawaleta nyumbani kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, nami nimekuja Kathonzweni na mke wangu na watoto wawili. Pamba ya Mama ilikuwa imeshachumwa, magunia mawili yamepangwa stoo, yakingoja siku ya mnunuzi. Mpakani mwa shamba upo mbuyu mmoja mnene kuliko nyumba yetu. Mabuyu yakianguka hupasuka. Watoto huokota vipande na kumung'unya ule unga mchachu, na mbegu zinazobaki chini huwa karamu ya kangambili. Mbuyu, pamba, bamia na msufi ni mimea ya ukoo mmoja, na mdudu huyu anaujua ukoo huo kuliko wengi wetu. Huutia mrija wake ndani ya mbegu, akainyonya ikabaki ganda.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja na nusu, giza likianza kupauka. Asubuhi za Agosti huku Makueni zina baridi, na mdudu mwenye baridi hakimbii; hiyo ndiyo saa ya kumpiga picha. Jua likishapanda huwezi tena, kwa sababu mgongo wake hung'aa kama bati na rangi yote hupotea. Nilijilaza kifudifudi juu ya gunia tupu, simu mkononi ikiwa na kilenzi cha kubana, na karatasi nyeupe ya daftari nimeiegemeza kwenye mzizi ili irudishe mwanga.

Kwa mbali unaona wekundu tu. Ukimsogelea, unaona shingo yenye ukanda mweupe kama kola ya padri, doa jeusi katika kila bawa, na miguu myembamba inayopapasa kabla ya kukanyaga. Watoto wao hawana mbawa. Tumbo ni jekundu lenye mistari myeupe, nao hujibanza pamoja kwenye ufa wa buyu kana kwamba wanaota moto. Hujivua ngozi mara tano mpaka wawe wazima. Waliokuwa wakipandana walikuwa wameungana kwa nyuma, kila mmoja ameelekea kwake: jike, aliye mkubwa, anakwenda anakotaka, na dume anamfuata kinyumenyume. Wanaweza kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Nilipiga picha mpaka viwiko vikaniuma.

Asubuhi ya pili nikamwona mmoja ambaye hakuwa wa kundi. Nguo ni ile ile, nyekundu na nyeusi, lakini kichwa kimerefuka, miguu ya mbele imenenepa, na mdomo umepinda chini kama ndoano. Alisimama katikati ya wenzake, wala hakuna aliyeshtuka. Nilipoikuza picha ndipo nilipoona kwamba mdomo ule umezama ndani ya kangambili mmoja. Wataalamu humwita Phonoctonus. Amevaa sare ya chakula chake, anaishi nacho, anakila taratibu. Moyo ulinidunda nikiwa pale chini. Kenya ilimpata Thomas Odhiambo, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi mwaka 1970, lakini tumekua tukiishi na kiumbe kama huyu bila kumjua hata kwa sura.

Nilimtaka kwa picha iliyo bora zaidi, na jua lilikuwa limeshafika. Basi nikayatia mabuyu matatu yaliyopasuka ndani ya karai pamoja na wadudu wote waliokuwemo, nikafunika kwa leso, nikaliweka karai stoo. Mahali pa baridi palikuwa pamoja tu: kando ya magunia.

Usiku ule, kama saa nne, mke wangu akapiga ukelele. Kangambili mmoja alikuwa kwenye pazia la chumba cha watoto, mwingine juu ya mto wa kulalia. Kabla sijafika alikuwa ameshawatoa watoto uani na anawasugua shingo kwa sabuni na maji baridi, wote wawili wanalia. Sikumlaumu. Desemba iliyotangulia, katika mvua za vuli, binti yetu alimponda Nairobi flai shingoni akiwa usingizini. Mdudu yule hang'ati wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo mwilini, nayo hutoka akipondwa. Kesho yake ngozi ya mtoto ilikuwa nyekundu kama iliyomwagikiwa chai ya moto, kisha yakaja malengelenge, na alama ilikaa wiki kadhaa. Tangu hapo, katika nyumba yetu, mdudu mwenye rangi nyekundu na nyeusi alikuwa na jina moja na adhabu moja.

Nilimwonyesha mke wangu simu. Nilikuwa na picha ya Nairobi flai niliyompiga ukutani mwaka ule ule, nikaiweka kando ya picha ya kangambili. Alizitazama kwa muda, taulo begani, maji yakimdondoka viganjani.

"Yule mwembamba kama siafu," akasema. "Kiwiliwili kimegawanyika, nyeusi, nyekundu, nyeusi. Huyu ni mpana."

"Na huyu haunguzi."

"Ungenionyesha hizi jana, mwenzangu, watoto wangekuwa wamelala."

Alikuwa na haki, sikuwa na la kujibu. Tulimtoa yule wa pazia kwa karatasi. Hatukwenda stoo. Leso ilikuwa imeshateleza, lakini hilo tulilijua asubuhi.

Kwa anayelima pamba, gunia lina moja kati ya majina mawili: safi au fifi. Safi ndiyo yenye bei. Fifi ni iliyotiwa doa, na kangambili ndiye bingwa wa kutia doa: shambani anapochoma tumba changa huingiza kuvu ambayo hugeuza nyuzi kuwa za manjano, na ndani ya gunia kinyesi chake na mwili wake ukipondwa humaliza kazi iliyosalia. Mbegu ya BT, pamba inayojitengenezea sumu ya wadudu, ambayo serikali iliiruhusu mwishoni mwa 2019, ilikuja kwa ajili ya funza wa vitumba. Sumu yake ni ya viwavi, kangambili haimgusi. Kwa hiyo Mama, aliyeipanda, alipunguza dawa ya kupuliza, akabaki na kazi moja ya mkono. Tangu matumba ya kwanza alikuwa akitoka alfajiri na kopo la maji ya sabuni, anapita mstari kwa mstari, anawakung'utia humo. Miezi. Mgongo wake wa miaka sitini na minane ndio uliolinda weupe wa magunia yale, nami nilikuwa nimemletea kangambili mpaka ndani ya nyumba.

Hakunigombeza. Alitandika turubai uani akamwaga pamba yote, akaketi, akanyoosha miguu. "Haya," akasema.

Tulichambua kutwa, watu watano, konzi kwa konzi. Kila donge tulilifungua kwa vidole, mbegu tukazipapasa, lenye doa tukalitupa kulia. Watoto walipewa kopo. Jogoo akaja akadonoa mmoja aliyekuwa akitoroka, akatikisa kichwa, akamtema, akaufuta mdomo mchangani upande huu na upande huu, akaenda zake. "Susu, kwa nini hamtaki?" binti yangu akamwuliza bibi yake. Mama akamwambia kwamba ladha yake ni mbaya, na wekundu ule ndio onyo, ili kuku asijaribu mara mbili. Sikuwa nimemfundisha hayo. Alikuwa ameyaona mwenyewe.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa magharibi, Mama aliacha kuchambua. Kwenye donge aliloshika alikuwepo mmoja mwenye kichwa kirefu, na kangambili mchanga akining'inia mdomoni mwake. Nilimwambia asimguse kwa kidole, kwani huyo anapochoma huuma kweli, nikamletea simu. Alivaa miwani. Nilimfundisha kuikuza picha kwa vidole viwili, naye akaikuza mpaka ule mdomo uliopinda ukajaa kioo chote. Kisha akaishusha simu mapajani.

"Huyu namfahamu," akasema polepole. "Nimekuwa nikimtia kwenye kopo pamoja nao. Msimu mzima."

Tulimbeba kwa kijiti cha ufagio hadi kwenye mbuyu.

Mnunuzi alipokuja alipima gunia moja na zaidi ya nusu kuwa safi. Kilo kumi na nne zikaenda kwa fifi. Nilitaka kuilipa ile tofauti, Mama akakataa. Lakini kesho yake, kabla jogoo hajawika mara ya pili, niliposhuka na gunia langu tupu nilimkuta ameshatangulia chini ya mbuyu, amejifunga leso kichwani, kopo la maji ya sabuni kando yake.

"Nionyeshe kile kichwa tena, mwanangu," akasema, "kabla sijaanza."