Kunuka na Kunukia: Jinsi ya Kuitoa Harufu kwenye Probox Iliyobeba Maziwa

Ukinunua Probox iliyotumika kati ya Kericho na Bomet, hununui gari tupu. Unanunua pamoja na kila kilichowahi kupanda humo: maziwa ya alfajiri kutoka Ndanai, omena wa siku ya soko, kuku waliofungwa miguu, mifuko ya mbolea, viazi vya Silibwet na udongo wake, na mtoto wa shule aliyeshindwa na kona. Wote walishafika walikokuwa wakienda na kushuka. Harufu zao zimebaki zimeketi.

Yangu niliinunua mwezi wa Januari kwa mfanyabiashara wa maziwa upande wa Sotik. Jua lilikuwa kali, madirisha yote yalikuwa wazi, na gari lilikuwa limetoka kuoshwa asubuhi hiyo. Sikusikia kitu. Mvua za Machi zilipoanza nikafunga madirisha, na kabla sijafika Kapkatet macho yalikuwa yanatoa machozi. Miezi minne nilipambana na harufu hiyo. Naandika haya ili wewe ummalize mgeni huyo kwa wikendi mbili.

Kwanza, ushauri kwa ambaye bado hajalipa. Usikague gari asubuhi ya jua. Nenda saa tisa alasiri, wakati ambao mvua ya huku hupenda kushuka, kwa maana unyevu wa Ziwa Victoria ukipanda hadi kwenye vilima hivi vyenye mwinuko wa kama mita 2,000 hugeuka wingu, na wingu likageuka maji. Keti ndani, funga milango na vioo, nyamaza dakika kumi. Muuzaji akisema haina haja, keti dakika ishirini.

Sasa wewe uliyekwisha kulipa. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayotenganishwa na irabu moja tu: kunuka na kunukia. Kile kimti cha manukato kinachoning'inia kwenye kioo hakigeuzi la kwanza kuwa la pili. Kinaongeza la pili juu ya la kwanza, na abiria anapanda gari linalonuka na kunukia kwa pamoja, jambo ambalo tumbo la mtu mwenye njaa haliwezi kulistahimili. Kwa hiyo toa kimti, toa kopo la marashi, toa kile kitambaa kilicholowekwa sabuni ya maua. Huwezi kuitafuta harufu ukiwa umeivisha nguo.

Kisha ipe jina. Watu wa pwani, walioishi na samaki vizazi na vizazi, hawakuridhika kusema "harufu". Ya samaki wakaiita shombo, ya kitu kilichooza katika unyevu wakaiita uvundo, ya jasho wakaiita kikwapa. Walikuwa sahihi kuliko matangazo yote ya dawa za gari, maana kila moja ya hizo ina mzizi wake na dawa yake, na dawa ya hii inaweza kuiamsha ile. Ifundishe pua yako maneno haya kabla hujanunua hata sabuni.

Ili kujua imelala wapi, liache gari juani limefungwa tangu asubuhi, ndani kukiwa hakuna kitu. Saa sita ufungue mlango mmoja uingize pua kabla ya mguu. Kimbia kwenye kila kitu kabla pua haijazoea: kiti cha dereva, mkeka, dari, mikanda, kisha nyuma pa kubebea mizigo. Pua huchoka upesi, kwa hiyo ukimaliza vitu vitatu toka nje, pumua, urudi. Mikanda ivute yote mpaka mwisho wake. Watu husugua viti wakasahau kwamba mkanda umelala kwenye mabega ya maelfu ya abiria na haujaoshwa tangu gari lilipotoka Japani.

Kwangu jibu lilikuwa maziwa, na kwa Probox nyingi za huku jibu ni hilo. Bomet inakamua, na gari ndilo linalobeba maziwa hadi kituo cha kupozea kabla jua halijapanda. Mtungi wa plastiki ukipinduka kwenye matuta ya barabara ya udongo, lita moja inatosha. Maziwa hayabaki juu ya zulia. Yanapita hadi kwenye sponji iliyo chini yake, na huko bakteria huanza kula sukari yake na kuyachachua. Hiyo peke yake si mbaya. Sisi tunaokunywa mursik, maziwa yetu yaliyochachushwa, tunaipenda. Tatizo ni mafuta ya maziwa. Yakivunjika hutoa asidi ya butiriki, ile ile iliyo kwenye siagi iliyochacha na kwenye matapishi. Ndiyo sababu dereva huapa kwamba kuna mtoto ametapika, na hakuna mtoto.

Fungua viti. Kwenye Toyota, spana namba 14 itakusaidia pakubwa, lakini kwanza toa waya wa betri na usubiri, kwa sababu chini ya kiti huenda kuna nyaya za mkanda au za mfuko wa hewa. Inua zulia kabisa. Hapa ndipo utakapokutana na ukweli: upande wa juu mkavu, upande wa chini rangi ya jibini. Toa vizibo vya mpira vilivyo sakafuni ili maji yapate pa kutokea.

Maji yawe baridi. Nasisitiza, kwa sababu nililipa kosa hili kwa wiki tatu: maji ya moto huipika protini ya maziwa ikashikana na nyuzi kama yai lililogandia sufuriani. Lowesha kwa maji baridi, kamua, lowesha tena, kamua, hadi maji yatoke bila weupe. Ndipo uweke sabuni ya unga ile inayotangaza kwamba ina vimeng'enya, maana hivyo hukata protini na mafuta vipande vipande. Iache saa nzima, usiwe na haraka. Suuza. Mwisho changanya bekingi soda na maji, nyunyiza, acha ikauke yenyewe. Soda huigeuza ile asidi kuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani kuifuata pua ya mtu. Sponji ikiwa imeshaoza na inakatika mkononi, usiihurumie. Itupe, ukanunue nyingine.

Sasa angalia mambo yanavyogeuka. Omena anayepanda kutoka Kisumu kupitia Awasi na Kapsoit, akiacha unga wake kwenye mshono wa kiti, hatoki kwa bekingi soda. Shombo lake linatokana na amini, ambazo ni za upande wa pili wa asidi, na mpishi yeyote anayekamulia samaki ndimu ameshalijua hilo. Dawa yake ni siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au ndimu. Kadhalika mavi ya kuku na mkojo wa mbuzi, vinavyotoa amonia: siki. Lakini usiwahi, hata kwa kukata tamaa, kumwaga dawa ya klorini ya kung'arishia nguo mahali penye mkojo au siki. Ikikutana na amonia au asidi hutoa gesi inayochoma mapafu, na wewe umejifungia ndani ya chumba kidogo cha bati.

Na mbolea. Mkulima wa chai anachukua mifuko yake ya kilo 50 ya NPK 26:5:5, mmoja unapasuka, punje zinaingia kwenye reli za viti. Mtu mwenye nia njema anakuja na jivu la jikoni, kwa sababu jivu husafisha sufuria na kukausha choo. Jivu likikutana na mbolea ile yenye amonia na unyevu kidogo, huifukuza amonia hewani, na gari ambalo halikuwa linanuka sana sasa halikaliki. Mbolea ifagie ikiwa kavu, kila punje, kisha ndipo uoshe. Usipoitoa itakula na chuma cha sakafu pia.

Yapo pia magari yasiyomwagikiwa chochote, nayo yananuka uvundo. Huku kwetu hilo ni la kutarajiwa. Mahali panapolea chai panalea na ukungu. Lakini maji yana njia zake, nazo zinajulikana. Chungulia chini ya kioo cha mbele, pale majani ya mikaratusi yanapojikusanya na kuziba tundu la kutolea maji, hadi mvua inaingia miguuni mwa abiria wa mbele. Angalia mpira wa mlango wa nyuma. Angalia bomba dogo la kutolea maji ya kipoza hewa. Kama gari lina kichujio cha hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kitoe. Cha kwangu kilikuwa na kiota cha panya na, samahani kwa msomaji anayekula, panya mwenyewe. Dari isilowe kamwe: ipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa, la sivyo gundi itaachia na nguo yote itaning'inia juu ya kichwa chako.

Kukausha ndiko kazi kubwa, na watu wengi wanaiharibu hapo. Zulia lililokauka juu tu ni shamba la uvundo. Anika asubuhi, anua saa saba kabla ya wingu, kesho tena, kesho kutwa tena. Kama unaweza kusubiri miezi ya Desemba hadi Februari, kiangazi chetu, subiri.

Ndipo mkaa unapoingia, na hapa nataka kumtaja kogo, nyanya yangu wa Kipsigis. Alipoona gunia la mkaa nililolitundika ndani ya gari chafu aliniuliza, "Kwani sotet unaitia mkaa kabla ya kuiosha?" Nikakosa la kujibu. Sotet ni kibuyu cha maziwa. Tangu utotoni nilimwona akikiosha, akisugua ndani kwa sosiot, ule ufagio wa kuti la mkindu, akikiacha kikauke kabisa, kisha ndipo anachoma kijiti cha mti wa senetwet na kuusaga mkaa wake kutani mwa kibuyu. Mkaa ulikuwa hatua ya mwisho ya kazi ya watu wasafi. Una matundu madogo yasiyohesabika yanayoshika harufu iliyobaki hewani, lakini hauwezi kushindana na lita moja ya maziwa inayooza chini ya miguu. Basi usafi ukishakamilika, ponda mkaa vipande vya ukubwa wa karanga, tia kilo mbili kwenye mfuko wa pamba, weka chini ya kila kiti, badilisha baada ya wiki mbili. Mkaa mbichi, uliozimika, baridi. Jiko lenye moto lisiingie garini hata usiku wa baridi ya Kericho. Gesi yake haina harufu yoyote, na huua watu wakiwa usingizini.

Hilo linanikumbusha harufu usizopaswa kuziosha kamwe. Petroli, moshi wa egzosi, plastiki inayoungua, ile harufu tamu ya maji ya rejeta: hizo ni ujumbe. Usizitie soda wala siki. Mpelekee fundi leo hii.

Wakulima wenzangu wataniuliza kwa nini nahangaika hivi kwa gari la kazi. Ni kwa sababu ya chai. Majani ya chai yaliyokauka huvuta harufu ya chochote kilicho jirani. Weka pakiti wazi karibu na mafuta ya taa uone utakunywa nini kesho. Mtu anaamka saa kumi na moja, anachuma majani mawili na kichipukizi kwa vidole vyenye baridi, kisha pakiti yake ya nyumbani inasafiri kwenye buti linalonuka maziwa yaliyooza. Sioni haki hapo.

Jaribio la mwisho usilifanye wewe. Pua yako imeshazoea, itakudanganya. Mtafute mtu ambaye hajapanda gari hilo, mwenye pua kali na asiyeogopa kusema. Mimi nilimwomba kogo tena. Ilikuwa Julai, mvua inapiga, madirisha yamefungwa yote. Alipanda Litein akiwa na sotet yake mapajani, nami nikaendesha pole pole nikimtazama kwenye kioo.

"Kogo, umestarehe?"

Hakunijibu. Hatujafika Kapkatet, alikuwa amelala.