Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wabunge Juu ya Hifadhi ya Makosa Madogo

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Kenya,

Sisi raia wadogo, tusio na mawakili wala wajumbe wa kutusemea faraghani, tumeona ni wajibu wetu kuwashukuru kwa neema moja ambayo aghalabu watu huipuuza, nayo ni uangalifu wa serikali katika kuyahifadhi makosa yetu. Katika nchi ambamo jalada la shamba la mjane hupotea kabatini bila ya kabati kufunguliwa, na mashahidi wa kesi kubwa husahau hata majina yao wapandapo kizimbani, ni jambo la kustaajabisha kwamba alama za vidole vya mchuuzi aliyeshikwa akiuza ndizi bila ya leseni hukaa salama salimini, haziingii mchwa wala unyevu, hata siku ya kufa kwake.

Anayetaka kushuhudia uhodari huo na aende akaombe cheti cha maadili mema cha polisi. Atalipa shilingi 1,050, atachukuliwa alama za vidole vyote kumi, kisha atangoja. Na ikiwa aliwahi kutiwa hatiani, hata kwa faini aliyoilipa papo hapo, karatasi itamsemea. Dereva wa matatu hapewi ruhusa ya kazi pasipo karatasi hiyo, wala kondakta wake, na matajiri wa mjini hawamwajiri bawabu wala yaya kabla ya kuisoma.

Mfikirieni mama aliyepika chang'aa zamani ili awalipie wanawe karo, akashikwa, akahukumiwa kwa sheria ya 1980 iliyoipiga marufuku pombe hiyo. Bunge likaketi mwaka 2010, likatunga sheria mpya ya vileo, likaifuta ile ya 1980, na chang'aa ikawa halali kwa mwenye leseni na chupa ya kioo. Basi sheria iliyomhukumu imekufa, imezikwa, na matanga yake yameondolewa. Kinywaji chenyewe kimesamehewa, kimevishwa kibandiko, chauzwa mchana. Aliyebaki na hatia ni mama peke yake. Hatukuwa na ilimu ya kwamba pombe yaweza kutubu, na toba yake ikakubaliwa kabla ya toba ya mpishi wake.

Isidhaniwe kwamba tumefungiwa milango yote, la hasha. Ipo rufani, nayo ina muda wa siku 14. Lakini aliyekiri kosa kwa kinywa chake hana rufani juu ya hatia, isipokuwa juu ya kiasi au uhalali wa adhabu, na waheshimiwa mwajua kwamba walevi na wachuuzi walioshikwa Jumamosi hukiri kila wasomewalo Jumatatu, alimradi walipe faini wawahi kurudi kwa watoto wao. Ipo pia sehemu ya 35 ya Kanuni ya Adhabu, ambayo kwayo hakimu aweza kumwachilia mkosaji bila ya kumwadhibu, lakini huo ni ukarimu wa siku ya hukumu, haumfai aliyehukumiwa mwaka jana. Na juu ya yote ipo huruma ya Rais, kwa Kifungu cha 133 cha Katiba, ambayo ombi lake hupitia kamati wanamoketi Mwanasheria Mkuu na waziri anayesimamia magereza. Yaani ili mkungu mmoja wa ndizi upate maghufira, sharti vigogo hao wauweke mezani, waujadili, kisha wampelekee Rais shauri lao.

Waingereza waliotuachia Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 walirudi kwao, na mwaka 1974 wakatunga sheria ya kuwarejesha wakosaji katika heshima; leo mtu mzima aliyetozwa faini huko, ikipita miezi 12 tangu siku ya hukumu, hatia yake huhesabiwa imekwisha, na isipokuwa kwa kazi zilizotengwa, kama zile za kulea watoto, halazimiki tena kuitaja. Sisi tulipoiteremsha bendera yao mwaka 1963 tulibaki na kitabu cha adhabu, wala hatuwezi kuwalaumu kwa kutotuachia kitabu cha msamaha ambacho wao wenyewe walikuwa bado hawajakiandika. Lakini miaka mingi imepita tangu 1974, na wino si haba Nairobi.

Tulikuwa karibu kukata tamaa, tukidhani usahaulivu wa kisheria haujulikani katika nchi yetu, mpaka tulipokisoma Kifungu cha 99 cha Katiba. Kumbe kifungo humzuia mtu kugombea ubunge ikiwa tu, siku ya kuandikishwa au siku ya uchaguzi, yumo chini ya hukumu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi. Na hata huyo hazuiliwi mpaka rufani na mapitio yake yote yamalizike. Aliyetozwa faini hakutajwa. Aliyekwisha kutumikia kifungo chake, kwa kipengele hicho, amekwisha kweli, haulizwi tena habari za jana. Tuliusoma ukurasa huo mara mbili kwa furaha, kwa kuwa ni rehema pana kuliko ile ya Waingereza, tena imeandikwa kwa lugha safi, ila imeandikiwa watu wachache.

Kwa hiyo twaomba sheria fupi, ya mistari miwili mitatu, itakayoagiza kwamba bawabu, dereva na yaya wapimwe kwa kipimo kile kile apimwacho mgombea ubunge. Watakuwapo miongoni mwenu watakaosema kwamba kazi ya ubawabu ni amana, na funguo za ghala hazikabidhiwi mtu hivi hivi. Hoja hiyo twaistahi, ingawa tulidhani funguo za hazina ya taifa zina uzito zaidi kidogo. Na ikiwa ombi letu halina njia, basi mtuongezee viti vya ubunge kwa hesabu ya wale wote waliokataliwa ukondakta, maana hiyo ndiyo kazi ambayo makosa yao ya zamani hayawazuii kuiomba.

Sisi wenu watiifu,
Wenye alama za vidole