Kuku wa Minnesota na Fundi wa Njombe

Mume wangu amekulia Njombe, na mtu wa Njombe akisema baridi anaijua, ana haki yake. Kule ikifika Julai kuna asubuhi umande unaganda shambani, na makoti hayavuliwi hadi jua lipande. Ndiyo maana tulipoanza kufuga kuku nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Minneapolis, kazi ya kuliandaa banda kwa majira ya baridi aliichukua yeye na hakuna aliyembishia.

Aliifanya kwa moyo wote. Kuta akazivika nailoni, nyufa akazisokomea matambara, na vile vidirisha vya juu, karibu na paa, akavipigilia mbao. "Upepo hautapita," akasema, na kweli haukupita.

Kisha ikaja ile wiki ya mwisho wa Januari 2019. Tarehe 30 Minneapolis iliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, na posta ilisitisha kugawa barua katika jimbo zima. Maji ya moto tuliyoyatoa jikoni yalikuwa yakishika utando wa barafu kuku wangali wanakunywa. Mayai machache waliyotaga tuliyakuta yamepasuka kwa urefu, ute umetokeza kwenye ufa na kuganda palepale.

Mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kuwaona wajukuu. Alivaa koti la mwanawe juu ya vitenge akatoka kwenda kuwajulia hali kuku, na mimi nikamfuata na tochi. Harufu ya amonia ilitupokea mlangoni, kali ya kutoa machozi. Aliichukua tochi akamulika juu. Paa kwa ndani lilikuwa limeota barafu nyeupe, nene kama ukoko wa wali, na pale kuku walipojibana pamoja, joto lao lilikuwa likiiyeyusha ikiwadondokea migongoni tone kwa tone. Tetea wetu mweupe wa aina ya Leghorn, kipenzi cha binti yetu, alikuwa amejikunyata pembeni. Ncha za kilemba chake kikubwa zilikuwa zimepauka, na ukizigusa ni ngumu.

Mama mkwe alirudi ndani akamwita mwanawe. "Baba, kuku wanalowa. Umewafungia na pumzi zao."

Hakuhitaji kusema zaidi. Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na manyoya yake yakiwa makavu hushika hewa inayomkinga na baridi ambayo mtu asingeistahimili. Hata miguu yake mitupu ina hila: damu ya moto inayoshuka hupita karibu na ile ya baridi inayopanda, ikaipasha njiani. Kinachomshinda ni unyevu. Usiku kucha anapumua mvuke, kinyesi chake nacho kinatoa maji, na hewa hiyo ya vuguvugu hupanda. Isipopata pa kutokea hugeuka maji, maji yakawa barafu, na kilemba kilicholowa ndicho kinachoganda kwanza. Kwa hiyo upepo uzuiwe pale kuku wanapolala, lakini juu ya vichwa vyao pabaki wazi mwaka mzima. Mfugaji anayeogopa kuacha tundu wakati wa baridi ndiye anayewaumiza kuku wake, hata kama anawapenda kama mume wangu anavyowapenda.

Alichukua nyundo akazing'oa mbao zake mwenyewe, akaweka waya wa matundu madogo ili vicheche wasipenye. Tulizoa matandiko mabichi tukamwaga maranda makavu hadi kifundoni. Ubao wa kulalia tuliugeuza upande mpana uwe juu, kuku akilala vidole vifunikwe na manyoya ya kifua. Jioni tuliwapa mahindi, maana tumbo linalosaga chakula usiku linatoa joto.

Palipokuwa na mabishano makali ni kwenye taa ya joto. Mume wangu alitaka kuitundika usiku huohuo. Nilikataa, na ningekataa hata leo. Ndani ya banda kuna vumbi, manyoya na maranda makavu. Waya ukikatika au kuku akiigonga taa kwa bawa, ni moto. Na umeme ukizimika usiku wa manane, kuku waliozoea joto la taa wataipokea baridi ghafla. Mama mkwe aliniunga mkono, na hapo mjadala ukaisha.

Binti yetu naye alitaka kumsugua Leghorn wake kwa kitambaa cha moto. Tulimzuia, kwa sababu nyama iliyoganda ukiisugua unaiharibu zaidi. Zile ncha ziligeuka nyeusi kwanza, na theluji ilipoanza kuyeyuka zikaanguka. Mtoto alizililia kweli. Tetea mwenyewe alipona, na siku ziliporefuka akarudi kutaga.

Sasa mazungumzo ya mezani ni ya Chantecler, kuku wa Quebec aliyezalishwa na mtawa Wilfrid Chatelain mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya baridi ya kwao. Kilemba chake ni kidogo mno, na ndevu zake za kidevuni karibu hazionekani, kwa hiyo baridi haina pa kushika. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuagiza vifaranga. Binti yetu ametoa sharti moja, kwamba Leghorn hauzwi wala hachinjwi, na baba yake ameshakubali.