Mkonge Haukuulizwa Cheti

Umeme umekatika Ngamiani, Tanga, na katika duka la steshenari lililo kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, mashine ya fotokopi imebaki na karatasi nusu ndani, nusu nje. Mezani kuna faili lililofungwa kwa kamba ya katani: vyeti vya binti anayeomba kusoma shahada ya uzamivu ng'ambo. Kimo cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, shahada mbili na transkripti zake, kurasa za pasipoti, na kiapo cha wakili kwamba Mwanaidi wa cheti kimoja na Mwanahidi wa kingine ni mtu yule yule. Chini kabisa, ncha zimeshakunjika, zimo kurasa nne za wazo la utafiti. Umeme ukikatika vitu husema, na mazungumzo haya nimeyapanga mimi kwa kuegemea upande wa kamba. Sioni sababu ya kulificha hilo.

FOTOKOPI: Shikamoo, babu. Naona leo umelibana faili mpaka linataka kupumua.

KAMBA: Marahaba, mjukuu wangu. Nimelibana kwa sababu limenenepa pasipostahili. Kurasa arobaini na mbili za kuthibitisha kwamba huyu mtoto yupo, na kurasa nne za anachokifikiri. Ungedhani anaomba kuzaliwa upya.

FOTOKOPI: Ndivyo mambo yalivyo, babu, na tusiwaonee watu wa vyuo. Nafasi ni chache, waombaji ni maelfu kutoka kila pembe ya dunia, na mkuu wa idara kule hajui Tanga iko wapi wala chuo chetu kinatoa alama kwa mtindo gani. Bila karatasi atamjuaje mkweli na mwongo? Vyeti vya kughushi vipo. Hata hapa kwetu serikali iliwahi kuwaondoa kazini watumishi kwa maelfu kwa sababu hiyo mwaka 2017. Anayechuja hana kosa.

KAMBA: Kuchuja sikukatai. Ninachohoji ni kinachochujwa, na zamu yake. Tufanye hesabu pamoja. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani hutoza ada ya maombi kati ya dola 75 na 125, nayo hairudi ukikataliwa. Mwombaji mwenye busara haombi chuo kimoja; tuseme anaomba sita, kwa wastani wa dola 100. Hizo ni dola 600, kama shilingi milioni moja na nusu. Siku ya Mei Mosi 2025 serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mtumishi wa ngazi hiyo atoe mshahara wa miezi mitatu, asile, asipande hata bodaboda, ili kurasa nne za mwanawe zipate ruhusa ya kusomwa. Mtoto wa tajiri mwenye wazo hafifu atasomwa mara sita. Huyu wa kwetu, ana bahati akisomwa mara mbili. Sasa hapo kilichochujwa ni akili au mfuko?

FOTOKOPI: Lakini upo msamaha wa ada, babu. Ukiomba unasamehewa.

KAMBA: Upo, na wanaoutoa nawashukuru. Ila mara nyingi una fomu yake, masharti yake na tarehe yake inayotangulia tarehe ya maombi, na vipo vyuo vinavyowapa raia wa nchi yao tu. Maana yake, ili usilipe lazima kwanza uthibitishe umaskini wako kwa nyaraka, na nyaraka hizo zitatolewa nakala kwako, ukurasa kwa shilingi. Halafu twende Ulaya. Ujerumani vyuo vingi vya umma havina karo, jambo jema sana, lakini asiye na ufadhili wala mkataba wa kazi hudaiwa, ili apate viza, aonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja, zimekaa kwenye akaunti ambayo ataruhusiwa kuichota kidogo kidogo kila mwezi. Uingereza nako mwanafunzi hutozwa pauni 776 za matibabu kwa kila mwaka wa viza yake, na hulipa za miaka yote kwa mkupuo mmoja kabla hajapanda ndege, afya yake iwe nzima au mbovu.

FOTOKOPI: Hiyo ni viza, babu. Chuo hakihusiki na mambo ya uhamiaji.

KAMBA: Mlango wa kwanza na wa pili ina mabwana tofauti, nakubali, lakini anayepita ni mmoja, na mfuko wake ni mmoja. Na ulimi je? Mtoto huyu amefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada ya pili. Tasnifu yake ya umahiri ameiandika kwa Kiingereza, akaitetea kwa Kiingereza, wazazi wake wakikaa ukumbini bila kuelewa neno. Bado anadaiwa mtihani wa kuthibitisha kwamba anakijua, na matokeo yake, iwe IELTS au TOEFL, huhesabika kwa miaka miwili tu. Serikali ya Uingereza inayo orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani huo wanapoomba viza: zimo Jamaika, Malta, Trinidad na Tobago. Haimo hata nchi moja ya Afrika. Walitutawala tangu vita vya kwanza vya dunia hadi 1961, wakatuachia lugha yao shuleni na mahakamani, leo wanatuuliza kama tumepata kuisikia.

FOTOKOPI: Vipo vyuo vinavyopokea barua ya chuo cha hapa kwamba masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Nimeitoa nakala mimi mwenyewe.

KAMBA: Basi imekuwa karatasi ya arobaini na tatu. Na nikuchekeshe kidogo: hao Waingereza nao waliwahi kuomba kuingia Tanga. Novemba 1914 walishuka hapa na askari kutoka India, wakapigwa na Wajerumani na nyuki kwa pamoja, wakarudi melini. Waliingia mwaka 1916. Hakuna aliyewaambia matokeo ya jaribio la kwanza yamekwisha muda.

Hapo Fotokopi ilicheka mpaka karatasi ikateleza sentimita moja. Kunguru aliyekuwa juu ya bati akainama, akachungulia dirishani.

KUNGURU: Mnasumbuka bure. Mimi asili yangu India. Nililetwa Unguja katika miaka ya 1890 nile taka, nikavuka bahari, nikaenea pwani nzima. Barua ya mdhamini sikuandikiwa, na leo kuniondoa mmeshindwa.

FOTOKOPI: Umesikia, babu? Ndiyo hoja yangu hiyo. Usipochuja, unapata kunguru.

KAMBA: Sikiliza vizuri alivyosema. Amesema *nililetwa*. Hakuomba, aliletwa na wenye amri, na aliyeletwa na mwenye amri haulizwi kitu. Mimi mwenyewe ni shahidi. Mkonge, mzazi wangu, si wa hapa. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika pwani hii ikiwa hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwombaji gani leo angepokelewa kwa ufaulu wa asilimia sita? Tulipokelewa, tukapewa ardhi, reli na manamba, na kufikia 1964 nchi hii ilikuwa inatoa katani zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Safari ya kwenda nayo ilikuwa hivyo hivyo. Siku zile zile mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau la Usambara, akalipeleka kwao. Mwaka 1893 likapewa jina la Kilatini, Saintpaulia, yaani jina la ukoo wake yeye. Leo linakaa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya. Taarifa ya benki halikuonyesha.

FOTOKOPI: Hiyo ni mimea, babu. Watu ni jambo jingine.

KAMBA: Haya, mtu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900. Alihitajika, basi njia ikafunguka. Sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu cha 1903, imetoka kalamuni mwake, lakini jalada likabeba jina la Carl Velten. Mwaka 1905 akataka kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, akazuiwa kushuka melini. Mtu yule yule, njia ile ile. Alipotakiwa alipita, alipotaka mwenyewe akafungiwa. Faili hili ninalolifunga limerithi desturi hiyo, japo walioziandika fomu huenda hawajui na hawana nia mbaya.

FOTOKOPI: Basi asome hapa hapa. Dar es Salaam uzamivu upo, na wa Kiswahili unaandikwa kwa Kiswahili. Kwa nini ang'ang'anie ng'ambo?

KAMBA: Swali zuri kuliko yote uliyouliza, na kwa wengi jibu ni hilo hilo: wabaki. Lakini huyu anasoma mimea ya Usambara. Wajerumani walipofungua kituo cha Amani mwaka 1902 walikusanya mimea na kuipeleka kwao, na vielelezo vingi vilivyokuwa Berlin viliungua kwa mabomu mwaka 1943. Vingi kati ya vilivyosalia vimetawanyika Ulaya. Akitaka kulinganisha jani la mlima anaouona kutoka Muheza, itambidi apande ndege. Hakuchagua yeye majani yawe huko.

FOTOKOPI: Sawa. Unataka wafanyeje?

KAMBA: Wageuze zamu tu. Waanze na zile kurasa nne, bure. Wakizipenda, wazungumze naye nusu saa kwa video. Ndani ya nusu saa hiyo watakijua Kiingereza chake kuliko mtihani wowote. Wakishampa nafasi, ndipo waombe vyeti, wavihakiki moja kwa moja na chuo chake, na mwenye kughushi atanaswa hapo hapo. Ada watoze waliochaguliwa. Vipo vyuo, hasa vya Ulaya, vinavyoanza na barua pepe kwa profesa bila senti moja, na havijaanguka.

FOTOKOPI: Na mimi nitakula nini?

KAMBA: Ndiyo maana umekuwa mkali tangu asubuhi! Utatoa nakala za tasnifu, mjukuu wangu. Kurasa mia tatu, nakala tano.

FOTOKOPI: Tasnifu siku hizi zinatumwa kwa PDF, babu.