Waraka kwa mhamasishaji ajaye na msimu wa korosho

Mwanangu,

Assalaam alaikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Nakupa salamu zote mbili kwa sababu huku kwetu nyumba moja huwa na anayefunga Ramadhani na anayefunga Kwaresma, na mgeni anayetaka kusikilizwa Nachingwea au Ruangwa huwasalimu wote wawili. Nimekuita mwanangu kwa ajili ya umri wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na baadhi ya waliojaza ukumbi siku uliyotuhutubia ni wajukuu wa wanafunzi wangu.

Nilikusikiliza mwanzo hadi mwisho. Una sauti njema na hukuja kutudharau. Vijana walitoka pale wamenyanyua vichwa, na kijana aliyenyanyua kichwa ni neema, kwa hiyo nakushukuru. Lakini ulirudia mara nyingi kwamba umaskini uko kichwani, na kwamba mtu akishalijua kusudi la maisha yake, milango hufunguka. Kwa heshima zote, mwanangu, ulikuja kuyasema hayo mahali pasipofaa. Ardhi uliyoikanyaga imeshakaliwa na watu wenye makusudi makubwa kuliko yako na yangu, na sisi ndio tuliobaki kuona yalivyoishia.

Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield kutazama wapi karanga zingelimwa Afrika Mashariki. Kwa wiki tisa walizunguka, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, na fungu kubwa likiwa huku Kusini. Ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa reli mpaka Nachingwea, yakaletwa matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba mpango umekufa, ikazifuta pauni milioni 36. Reli yetu ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Watu wale hawakukosa kusudi. Kulisha watu wenye njaa ni kusudi la heshima. Walichokosa ni unyenyekevu wa kukaa chini na mkulima aliyeijua mvua ya hapa na kumuuliza kabla ya kupiga hesabu. Nawe, niwie radhi, ulifika jioni, ukahutubia asubuhi, mchana ukaondoka.

Mashamba yale hayakukaa bure. Frelimo, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ilipata hapa kambi yake kuu ya mafunzo, na mahali pale pakabaki na jina la enzi za karanga, Farm 17. Samora Machel alikuwa mkuu wa kambi kabla ya kuwa rais wa Frelimo mwaka 1970. Wapiganaji walilima chakula chao wenyewe. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Watu wa makabila ambayo Mreno aliyagawa walikula pamoja. Mwaka 1967 wakaja wasichana wa kwanza kufunzwa silaha na siasa, na mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, aliyekuja kuolewa na Machel. Alifariki tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na uhuru wa nchi yake ukaja miaka minne baadaye. Siku aliyofariki ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji hadi leo. Nakuomba umtafakari binti huyu kabla hujapanda tena jukwaani. Vijana wetu unawauliza wanataka kuwa nani. Yeye alijiuliza nani anamhitaji, na swali hilo ndilo lililomfikisha huku.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu wapiganaji wale nawapenda. Lakini ukweli wote una haki ya kusemwa. Ni hapa hapa Nachingwea, Mei 1975, uhuru ukiwa umebakiza wiki chache, ambapo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo, alisimamishwa mbele ya umati akasoma maungamo aliyolazimishwa. Baadaye yeye na wenzake waliuawa bila mahakama yoyote kuwasikiliza. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa kusudi kuliko wote waliowahi kupita kwenye wilaya hii. Kusudi liliwaonyesha waendako, lakini halikuwaambia wamtendeeje mwenzao aliyeshindwa. Hilo la pili ni kazi ya tabia, na kuhusu tabia, mwanangu, asubuhi nzima sikukusikia ukisema kitu.

Sasa tuje kwenye korosho, maana ndizo zilizokuleta. Huji Machi, wakati ghala la chakula limebaki vumbi. Unakuja minada ikishaanza na malipo yakishaingia kwenye akaunti. Silaumu; mtu huja palipo na watu. Ila kwa kuja wakati huo hujawahi kuiona kangomba ikifanyika, na kangomba ndiyo mtihani wetu wa utu.

Hufanyika hivi. Mvua inanyesha, unga umekwisha, mtoto amepangiwa kidato cha kwanza na hana sare. Jirani anakuja na fedha mkononi. Ananunua korosho ambazo bado hazijaonekana mtini, kwa bakuli badala ya mizani, na kwa bei ambayo mwenye njaa haijadili. Msimu ukifika, mzigo ule unakwenda kwenye chama cha msingi kwa jina la jirani, unaingia ghalani, unapigwa mnada chini ya chama chetu kikuu cha ushirika, Runali, na aliyepalilia mikorosho anasikia bei redioni kama habari ya watu wengine. Serikali imeipiga marufuku kangomba, na stakabadhi ghalani tunayo tangu 2007, lakini sheria haiingii usiku kwenye nyumba ya mtu mwenye njaa. Novemba 2018, wakulima walipozikataa bei za wafanyabiashara, Rais Magufuli akaagiza korosho zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Ndipo ukafuata uhakiki, watu wakaulizwa mashamba yao yako wapi, na siri nyingi za vijiji zikatoka hadharani. Wakulima halali nao walisubiri malipo yao kwa muda mrefu na kwa uchungu, ili wenye hila wachujwe.

Mnunuzi wa kangomba ndiye mwanafunzi aliyekuelewa kuliko wote, na nasema hivi kwa huzuni. Ana ndoto. Anaamka alfajiri. Anathubutu. Pale wengine walipoona njaa, yeye aliona fursa. Kila ulichokifundisha anacho, na kwa kipimo chako amefaulu. Sisi tunaoishi naye tunajua nyumba gani zimelala bila chakula ili yeye afaulu.

Namjua pia karani wa mizani, jina lake nalihifadhi, aliyekataa kumwongezea mjomba wake kilo kwenye stakabadhi. Mjomba hakuja kwenye harusi ya binti wa karani yule, na ndugu wengine wakamfuata. Karani bado anaendesha baiskeli yake. Hana gari la kuonyesha kwenye picha wala hadithi ya kutoka sifuri kwenda juu. Msimu huu tena wakulima wamepanga foleni mbele yake bila kuhofia kupunjwa, na jambo hilo ni adimu kuliko mtaji. Hukumwita jukwaani. Sidhani kama uliuliza yupo.

Kuhusu imani nitasema machache, maana hapa naongea na dhamiri yako. Sura ya 83 ya Kurani imebeba jina la watu wanaopunja vipimo. Katika Biblia nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliosubiri kwa hamu sabato ipite ili waendelee kuuza nafaka kwa mizani ya udanganyifu. Dini zote mbili tunazozifuata hapa zinaijua mizani ya chama cha msingi. Wewe mwishoni ulipitisha bahasha za sadaka ya mbegu, ukamwambia mkulima apande ili Mungu amrudishie maradufu mwaka huu huu. Mkulima wa mkorosho anangoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuona punje ya kwanza ya maana, na katikati ya hapo anapambana na ugonjwa wa ubwiri unga kwa salfa. Subira hiyo ni imani kamili tayari. Mtu kama huyo ulipaswa kumwombea tu, mwanangu, kisha ukamwacha aende nyumbani na fedha yake.

Ulisema pia kwamba vijana wa Kusini hawajafundishwa kujitambua. Hapo uliwavunjia heshima wazee waliokaa viti vya nyuma, wakakaa kimya kwa adabu. Sisi Wamwera na majirani zetu Wayao na Wamakonde tuna jando na unyago. Manyakanga na makungwi walikuwa wakimweleza mtoto, kwa nyimbo na kwa mafumbo, kwamba kuanzia leo wewe ni wa watu: ukiona mzee amebeba mzigo umpokee, ukipita msibani usipite. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alikuwa Mwingereza, na bado aliona ndani ya jando kuna shule ya tabia ambayo kanisa halikuwa na mbadala wake, akaliingiza kanisani badala ya kulipiga vita. Yeye aliishi na watu kabla ya kuamua. Unyago una makosa yake, na mimi nimegombana na wazazi kwa miaka mingi kuhusu mabinti wanaochezwa wadogo mno au wanaotolewa darasani. Lakini kurekebisha ni kazi ya anayejua kilichopo.

Kwa ndugu zetu wa Ruangwa ulitoa mfano wa Namungo, timu ya mji mdogo iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikacheza fainali ya kombe la shirikisho la nchini dhidi ya Simba, kisha ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni fahari yetu sote. Ila waambie vijana habari nzima: timu ile ilipata uwanja na watu wa kuishika mkono, na mbunge wa jimbo alikuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, ambaye uwanja una jina lake. Kijana asiye na wa kumshika mkono akisikia kwamba wenzake walifika kwa ndoto pekee, akishindwa atajichukia bure. Na yule wa Matambarale, aliyezaliwa karibu na mgodi wa kinywe, leo anahitaji zaidi mtu wa kumsaidia kusoma karatasi ya fidia kabla hajaweka dole gumba.

Ninachokuomba ni hiki. Safari ijayo njoo Februari au Machi, wakati bei ya unga iko juu na hakuna mnada. Kiingilio kiondoe, bahasha ziache mjini. Siku ya kwanza usihutubie. Kaa na manyakanga, kaa na katibu wa chama cha msingi, na imamu na padri wanaojua nani amemuuzia nani. Siku ya pili panda jukwaani uwaambie wanaonunua kangomba, wakiwa wamekaa mbele yako, kile unachokiamini juu ya jambo hilo. Baadhi yao ndio wenye uwezo wa kukulipia ukumbi, kwa hiyo sikuombi jambo jepesi. Sauti uliyopewa inaweza kuwafikia ambao mimi, kwa chaki yangu ya miaka yote, sikuwafikia.

Kwangu kuna chumba cha wageni na ugali wa muhogo kwa kisamvu. Na kama kuna neno humu nililokusingizia, litaje kwa barua nami nitaisoma mbele ya watu wale wale waliokusikiliza.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu mstaafu, Nachingwea