Nizimeni Kabisa, Jamani

Mimi si mtu wa makuu. Madaktari wa Brussels nawaomba kitu kimoja tu: wakiwa kazini mwilini mwangu, mimi nisiwepo. Nizimwe. Nusu kaputi, basi. Lakini nchi hii haitaki. Inataka uwepo, ukodoe macho, ushuhudie mwenyewe, halafu uulizwe "ça va?" na mtu ambaye koleo lake liko mdomoni mwako. Utajibu nini?

Chukua lile jino. Gego la chini, kulia, limeoza, limejaa usaha, usiku silali. Naenda kwa dokta wa meno huku Ixelles, mtaa sitaji, nina adabu zangu. Binti mdogo, ningeweza kumzaa. Namwambia kwa Kifaransa changu cha sokoni: madame, mimi nilaze. Anacheka. Kwa jino moja? Ganzi inatosha, msieu.

Eti inatosha. Sindano lenyewe refu, linapita kule nyuma kabisa ya taya, linatafuta mshipa wa fahamu. Na huku anachoma anatoa darasa, maana madokta wa huku hawajui kuchoma kimya kimya. Anasema mshipa ule una vijilango vidogo sana. Ukiumia vinafunguka, sodiamu inaingia, habari ya maumivu inasonga mbele mpaka kwenye ubongo. Dawa inakwenda kuviziba. Sodiamu haiingii, habari haifiki. Jino linapata taabu, ubongo hauna taarifa. Nikasema safi sana, ng'oa.

Aliposhika tu nikaruka, paji la uso likagonga taa. Ndipo ananiambia: penye usaha pana asidi, na asidi inaizuia dawa kupenya ndani ya mshipa. Yaani pale panapouma kuliko kote ndipo ganzi inaposhindwa. Nani alipanga hivi? Akaongeza sindano nyingine. Na mle ndani kuna adrenalini, ya kubana vimishipa vya damu ili dawa isisombwe haraka. Hilo la adrenalini hakunidokeza mapema. Moyo ukatoka mbio. Mikono inatetemeka. Nikajua ndiyo safari imefika, nikaanza kutoa shahada. Binti akaniuliza huo ni wimbo wa kwetu?

Na ganzi haijui mipaka. Jino nimelipia moja, nimepewa na nusu ulimi, nusu mdomo wa chini, na kidevu. Nikapanda basi namba 71 pale Porte de Namur, saa ya watu kutoka kazini. Udenda unachuruzika, mwenyewe sina habari. Katoto kamoja kananitazama, kanamvuta mama yake koti, kananinyooshea kidole. Nikajaribu kutabasamu nikatoe hofu. Upande mmoja wa uso ukatabasamu, upande wa pili ukabaki msibani. Katoto kakaangua kilio. Basi zima limegeuka. Hapo hapo simu inaita, mama watoto kutoka Tanga.

"Aoo?"

"Baba Zuhura, umelewa?"

"Jio. Imeng'oa jio."

"Na kesho Ijumaa, baba Zuhura!" Akakata. Nikashuka Flagey nikiwa mlevi rasmi, sijaonja hata soda.

Kwa hiyo ilipokuja ile operesheni, nilijipanga. Operesheni gani? Kidole tumbo. Ndivyo nilivyowaambia watu wote wa Matonge, mtaa wetu Waafrika, na wewe shika hivyo hivyo. Haya, ni ngiri, lakini isitoke hapa.

Huku kabla ya kisu unapelekwa kwanza kwa daktari wa usingizi. Anakuhoji. Unakoroma? Una meno ya bandia? Unakunywa? Uzito je? Kwenye uzito nikapunguza kidogo, heshima. Akanipandisha kwenye mzani mbele ya nesi, akasoma kwa sauti. Dozi inategemea uzito, msieu. Nesi akainamisha kichwa kwenye makaratasi, mabega yanacheka.

Halafu akaniletea habari za hipnosi. Usicheke, ni kitu cha kweli. Kilianzia Liège mwaka 1992, kwa daktari wa usingizi anayeitwa Marie-Elisabeth Faymonville, na maelfu ya watu wameshapasuliwa hivyo. Hapa Brussels, pale Saint-Luc, wanafanya hata operesheni za matiti na za tezi ya shingo. Unapigwa ganzi mahali pa kisu, unatiwa dawa kidogo mshipani, halafu dokta anakaa karibu na sikio lako anakuongelesha polepole, mawazo yako yaende mahali unapopapenda. Hulali. Unasafiri tu kwa mawazo huku watu wanakukata. Tena wanasema anayepasuliwa hivyo hupata nafuu mapema.

Nikasema tujaribu, hapo hapo ofisini. Nikafumba macho. Raskazone, kwetu Tanga. Bahari imetulia, upepo wa kusi, nimekaa mchangani. Mara kule mbele namwona kinyozi wangu wa Galerie d'Ixelles anakuja na daftari la madeni. Nikafumbua macho. Nikasema dokta, nizime.

Na kuzima watu, hawa Wabelgiji wanakujua, usidanganyike. Fentanili, ile dawa kali ya maumivu ya vyumba vya upasuaji, ilitengenezwa Beerse, mkoa wa Antwerp, kwenye maabara ya Paul Janssen, mwaka 1960. Etomideti, ya kukuondoa duniani, maabara hiyo hiyo, 1964. Propofoli, nayo ya kulaza, waliojaribu kwanza kwa wagonjwa ni Kay na Rolly, pale Ghent, 1977, nusu saa tu kwa treni kutoka hapa. Ile ya mwanzo ikawaletea watu mzio. Ikarudishwa jikoni, ikakorogwa upya kwa mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai, ikaingia sokoni 1986, nyeupe pee. Sasa sikiliza. Mafuta na kiini cha yai. Si mayonezi hiyo? Chips wanazipaka, nyama wanaipaka, na bado hawakuridhika mpaka waitie mshipani mwa mtu.

Siku yenyewe nimevalishwa lile gauni lisilo na mgongo, nasukumwa koridoni, nyuma yangu yote ni mali ya umma. Nikamuuliza daktari wa usingizi, hii dawa inafanyaje? Akasema inaipa nguvu gaba, kemikali ya kutuliza ubongo. Lakini fahamu yenyewe inazimika vipi hasa, watafiti wanabishana mpaka leo. Mpaka leo! Morton amemlaza mtu kwa etha kule Boston mwezi Oktoba 1846, na bado wanabishana! Na haya ananiambia wakati mayonezi imeshaanza kuingia. Mkono unawaka moto. Nataka kusema subiri kwanza, tuelewane, sub

Nikazinduka koo linakwaruza, maana ukilala hivyo hata pumzi wanakusaidia kuvuta, kwa bomba. Lakini raha! Sikuona kitu, sikusikia kitu. Hatimaye sikuwepo. Pembeni amesimama nesi, mama mmoja mnene, ananipangusa uso. Akaniambia, kwa Kiswahili:

"Papa, lala tu. Ule wa saluni atangoja."

Nikaganda. Mama, wewe wa wapi? Bukavu, papa. Nimeongea? Akacheka mpaka akashika kitanda. Mingi, papa. Mingi sana. Mimi sikumbuki hata neno, kwa sababu dawa hizi zinaondoka na kumbukumbu pia, ila mdomo zinaurudisha kazini kabla ya akili. Kumbe nilimweleza deni, kiasi chake, na mahali ninapopita ili kinyozi asinione. Nikamwambia pia kuwa kidole tumbo changu ni kizima kabisa.

Na yule mama anasukia wapi nywele? Galerie d'Ixelles, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Sijatolewa hata plasta nikapita pale, kwa mwendo wa kuchechemea, kofia nimeishusha. Mtu akaita kutoka kitini, mbele ya wateja: "Mzee, pole na ngiri! Na zile euro zangu?"

Msomaji, ukiambiwa utalazwa Brussels, ulizia kwanza nesi wa chumba cha kuzindukia anatoka wapi. Wakisema Bukavu, Goma au Lubumbashi, chagua ganzi.